Kompyuta ya Mezani kwa Picha na Video za Harusi: Nilivyozigawa Shilingi 1,800,000

Kwa miaka minne nilipiga picha upande wa wanawake katika harusi za Chake Chake na vijiji vya jirani nikiwa na kamera nzuri lakini bila ya kompyuta ya maana. Laptopu niliyokuwa nayo ni ile niliyoandikia kazi zangu za chuo, na kila ilipozidiwa nilimpelekea kadi ya kamera kijana mmoja mwenye studio ili aniharirie kwa malipo. Jambo hilo lilikuwa likinikera moyoni. Biharusi na jamaa zake hukaa ukumbini bila ya mabuibui kwa sababu wamehakikishiwa kwamba mpiga picha ni mwanamke mwenzao, kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikizitia picha zao mikononi mwa mwanamume wasiyemjua. Siku moja mama wa biharusi aliniuliza mbele ya wenziwe, "Mwanangu, hizi picha unazitengeneza mwenyewe au zinapita kwa watu?" Nilibabaika, na usiku ule nikaamua kwamba fedha nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya lenzi nitanunulia kompyuta.

Nilikuwa na shilingi 1,800,000. Laptopu yenye uwezo niliouhitaji ilikuwa mbali sana na kiasi hicho, ilhali kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi kwa fedha ileile, na tena inafunguka, kwa hiyo unaweza kuanza na kidogo kisha ukaongeza. Kazi ya kuhariri naifanya nyumbani, mezani, mlango umefungwa. Sikuona sababu ya kulipia betri na wepesi wa kubeba.

Kosa ambalo ningelifanya kama ningelikimbilia dukani ni kuuliza kompyuta gani ni nzuri kabla ya kujiuliza kamera yangu inatoa nini. Natumia Sony a6400. Picha moja ghafi (RAW, kabla ya kutengenezwa) kutoka kwenye kamera hiyo huwa na takriban megabaiti 25, na video ya 4K huandikwa kwa kasi inayofikia megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ukigawa 100 kwa 8 unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde, na ukizidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja unapata takriban gigabaiti 45. Harusi yangu ya kawaida ina picha mia tisa na video ya saa mbili, yaani gigabaiti 110 hivi, mbali na mabaki ya kazi yanayozaliwa njiani.

Hesabu hiyo ndogo ilinifungua macho kwa namna mbili. Kwanza, nilikuwa nikiamini kwamba laptopu yangu inakwama kwa sababu diski yake ya kuzunguka ni nzito, lakini hata diski ya aina hiyo, ikiwa nzima, husoma faili kubwa kwa megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na video yangu inahitaji 12.5 tu. Tatizo, kwa hiyo, lilikuwa kwingine. Kamera, ili kuokoa nafasi, haiandiki kila fremu ya video kikamilifu. Huandika moja iliyo kamili, kisha katika zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika. Kutazama video ya namna hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho ni kazi nyepesi, lakini mhariri hatazami hivyo. Mhariri anaruka huku na huku, anarudi nyuma, anasimama kwenye fremu moja ambayo haikuandikwa kamili, na kompyuta inalazimika kurudi hadi kwenye fremu kamili ya karibu na kuijenga upya picha anayoitaka. Mzigo huo huubeba prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta.

Pili, nilijifunza kwamba nusu ya tatizo inatibika bila ya kununua chochote. Programu zote za maana za kuhariri video huweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako, ambazo wahariri huziita proksi: video ileile, lakini ndogo kwa upana na rahisi kufunguka. Unakata na kupanga ukitumia nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi kamili programu inarudi yenyewe kwenye video asili. Nilijaribu kwenye laptopu yangu kwa Kdenlive, ambayo ni ya bure. Niliiacha itengeneze nakala hizo nikaenda kuswali Isha na kula, na niliporudi nikaweza kukata harusi nzima kwenye mashine ambayo siku iliyopita ilikuwa ikiganda kila nikigusa kipanya. Nawaambia wenzangu wanaoniuliza kuhusu kununua kompyuta wajaribu hilo kwanza. Wapo watakaogundua kwamba safari ya dukani inaweza kusubiri mwaka mmoja. Mimi haikuniponya kabisa, kwa sababu kutoa video kamili kulichukua usiku kucha na picha ghafi zilifunguka kwa kuvuta, lakini niliingia dukani nikijua ninachokitafuta.

Nilikwenda Unguja, na baada ya kuzunguka Darajani siku nzima nikavuka hadi Kariakoo, ambako kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani hupatikana kwa wingi. Hizo ndizo ninazozipendekeza kwa mwenye bajeti kama yangu. Ni mashine za HP, Dell na Lenovo zilizotengenezwa kukaa ofisini miaka mingi, na kampuni kubwa huziuza zote kwa mkupuo zinapobadilisha. Katika duka la kwanza kijana aliniwekea mashine mezani na kusema, "Hii i7, dada yangu, hii ndiyo ya kazi zako." Nilimwomba aiwashe nisome jina kamili la prosesa. Ilikuwa i7-3770.

Hapa ndipo wengi tunapoliwa fedha. Kibandiko cha i7 hakisemi chochote mpaka usome tarakimu zinazofuata, kwa sababu ndizo zinazotaja kizazi. Prosesa ile ya i7-3770 ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, na ina koa nne, yaani vitengo vinne vinavyofanya kazi kwa pamoja. I5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2018, na ina koa sita. Kwa kazi ya kutoa video, i5 hiyo humwacha mbali i7 yule mzee, na mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo. Zaidi ya hapo, prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ndani yake ya kufungua na kufunga video, na sehemu hiyo imekuwa ikiboreshwa kizazi hadi kizazi. Kwa video za H.265, njia mojawapo ya kubana video, zenye rangi za biti 10 (yaani vivuli vingi zaidi vya rangi), ambazo hata baadhi ya simu hurekodi sasa, uwezo wa kuzifungua kwa sehemu hiyo ulianza kizazi cha saba. Ukiona jina la prosesa linaishia na herufi F, ujue haina kadi ya picha ya ndani, yaani kifaa cha kuchora kinachoonekana kwenye kioo, na ile sehemu ya video nayo haimo.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka chini ya kizazi cha nane, nayo ni Windows. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine za kizazi cha sita na cha saba zimeshuka bei sana, na watu wanazifurahia bila ya kujua kwa nini zimeshuka. Kwa atakayetumia Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, hilo si kikwazo.

Mwenye mpango wa kununua kamera inayorekodi biti 10 kwa mpangilio wa 4:2:2, unaohifadhi rangi nyingi zaidi, kama vile Sony a7 IV, akae chini afikirie upya. Video hizo katika H.265 hufunguliwa vizuri na Intel za kuanzia kizazi cha kumi na moja zenye kadi ya picha ya ndani, ilhali kadi za Nvidia hazikuwa na uwezo huo hadi zilipokuja zile za RTX 50 mwaka 2025. Yaani mtu anaweza kununua kadi ya bei kubwa na bado video zake zikakwama, huku jirani yake mwenye i5-12400 ya kawaida, ile isiyo na F, akiendelea na kazi. Kwa kamera yangu haikuwa lazima, nikabaki na i5-8500.

Baada ya prosesa, niliangalia umbo la kasha, na nafurahi kwamba nililiangalia. Mashine za ofisi huja kwa maumbo matatu: dogo la kushikika mkononi kama kitabu, jembamba la kulala chini ya monita, na lile kubwa la kusimama. Yale madogo yanavutia na ni rahisi kuyabeba kwenye boti, lakini la kwanza halipokei kadi ya kawaida ya picha kabisa, na la pili hupokea zile fupi tu, ambazo ni chache na ghali. Nilichukua la kusimama, kwa shilingi 480,000, likiwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 8 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ndogo ya gigabaiti 256. Hata hilo lina mipaka yake: pawasaplai yake, yaani kisanduku cha kuigawia umeme, imetengenezwa kwa umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuingia duka lolote ukanunua nyingine kubwa zaidi ukaipachika.

RAM niliondoa ile ya gigabaiti 8 na kuweka vipande viwili vya 16, jumla 32, kwa shilingi 180,000. Vipande viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu prosesa huvisoma kwa njia mbili kwa pamoja. Gigabaiti 16 zinatosha kwa picha peke yake.

Kwenye diski nilitumia fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na baadhi ya wenzangu walinicheka. Nilinunua SSD ya terabaiti 1 kwa ajili ya kazi zilizo mkononi, kwa shilingi 190,000, na diski mbili za nje za kuzunguka, za terabaiti 2 kila moja, kwa shilingi 400,000. Ukikumbuka ile hesabu ya gigabaiti 110 kwa harusi utaona kwamba terabaiti 1, ambayo Windows itakuonyesha kama 931, hujaa kwa harusi nane. Nane! Katika miezi ya kabla ya Ramadhani, kila mtu anapotaka kuoa kabla ya kufunga, hizo ni wiki chache tu. Kwa hiyo SSD ni meza ya kazi na si kabati. Kazi ikikamilika inahamia kwenye diski za nje, nakala moja kwangu na nyingine kwa mama yangu, kilomita kadhaa kutoka hapa. Harusi hairudiwi, na sijui ningemwambia nini mtu ambaye picha zake zimepotea kwa sababu nilikuwa na nakala moja.

Kabla ya kulipia diski yoyote iliyotumika, ifungue kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, uone imewaka kwa saa ngapi na afya yake ikoje. Mwenye duka mwaminifu hatachukia.

Kadi ya picha sikununua siku ile. Najua hilo litawashangaza wale wanaoanza na kadi kisha wakatafuta kompyuta ya kuipachika, lakini kwa picha tulivu kwenye programu ya Darktable na kwa kukata video kwenye Kdenlive, kadi ya ndani ya i5-8500 ilinitosha kwa miezi saba. Nilipotaka kuhamia DaVinci Resolve ndipo ilipobidi, kwa sababu programu hiyo huitegemea sana kadi. Toleo lake la bure hutoa video hadi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, na kwa harusi sijapata kuhitaji zaidi. Toleo la kulipia ni dola 295, unalipa mara moja, na mimi ningelilitaka kwa ajili ya kifaa chake cha kuondoa chenga za kumbi zenye giza. Nilinunua GTX 1650 iliyotumika, yenye gigabaiti 4, ya aina isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Nafasi ya kadi kwenye bodi hutoa hadi wati 75, na kadi ya aina hiyo huishi ndani ya kiasi hicho, kwa hiyo pawasaplai ya ofisi haikulalamika. Jihadharini na kadi za bandia. Zipo kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani yake ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya, na kibandiko hakitakusaidia kuzitambua. Programu ya GPU-Z husoma chipu yenyewe na mara nyingi huufichua uongo huo.

Monita ndiyo sura niliyojifunza kwa fedheha. Awali nilipewa bure monita ya ofisi iliyokuwa ikitupwa, nikashukuru, nikaitumia. Ilikuwa ya aina ya TN, ambayo rangi zake hubadilika ukiinamisha kichwa kidogo tu, na yangu ilikuwa imeegemea kwenye ubuluu. Niliona nyuso za watu zimepauka, nikaongeza ujoto kidogo, nikaongeza tena, mpaka zikanipendeza. Albamu iliporudi kutoka kuchapishwa, bibi wa biharusi aliishika, akavaa miwani, akatazama ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "mjukuu wangu manjano tulimkosha siku mbili kabla. Mbona humu bado anayo?"

Nililipia albamu ya pili kwa fedha zangu. Tangu hapo nasema kwamba monita ni sehemu ya kompyuta ya mpiga picha kama ilivyo prosesa. Nilinunua mpya ya inchi 24, aina ya IPS, inayofunika karibu rangi zote za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi, kwa shilingi 350,000. Si lazima iwe ya 4K, kwani video ya 4K inahaririwa vizuri kwenye monita ya 1920 kwa 1080, ila rangi ziwe za kuaminika. Kifaa cha kupimia rangi ni ghali kwa mtu mmoja, na sisi wapiga picha wanne tumechanga tukanunua kimoja ambacho kinazunguka baina yetu. Meza nayo niliigeuza ili dirisha lisinipige usoni wala lisiakisi kwenye kioo, kwa sababu jua la mchana la hapa hulidanganya jicho kuliko monita mbovu.

Kilichobaki katika ile 1,800,000 kilikwenda kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, shilingi 160,000, na nauli ya boti. Pemba hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hali ni bora mno kuliko enzi za majenereta ya dizeli, lakini umeme unapokatika kwa dakika moja, kompyuta ya mezani haina betri ya kuishikilia. Ukikatika katikati ya kutoa video ya saa mbili unaanza upya, na ukikatika wakati diski inaandika unaweza kupoteza zaidi ya muda. Herufi VA kwenye boksi la UPS zisikupumbaze, kwani wati zake halisi ni pungufu. Nyingi za VA 650 hubeba wati zisizofika 400. Kwa mashine yangu na monita inatosha kunipa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa adabu, na hilo tu ndilo ninalolitaka kwake.

Safari ya kurudi ilipitia bandari ya Malindi hadi Mkoani, na kasha nililibeba likiwa limelala ubavu, bodi ikiwa chini, juu ya khanga mbili zilizokunjwa. Kama kadi kubwa ya picha ingelikuwamo ningeliitoa kwanza, kwa sababu uzito wake unaweza kuivunja nafasi yake bahari ikichafuka. Nyumbani nimeliweka juu ya kibao, si sakafuni, kwa ajili ya vumbi na unyevunyevu, na kila baada ya miezi mitatu nalifungua na kulipangusa kwa brashi laini ya rangi. Chumvi ya hewani siwezi kuizuia, ila nikiona mashine inagoma kuwaka baada ya masika, kitu cha kwanza ni kuichomoa RAM na kuifuta midomo yake.

Mwezi uliopita feni ya pawasaplai ilianza kulia, na ilibidi niipeleke kwa fundi. Kabla ya kutoka nyumbani nilifungua kasha nikachomoa SSD zote mbili nikazifungia kabatini. Fundi aliiwasha, akaona maandishi meupe kwenye kioo cheusi, akanigeukia.

"Bi dada, mbona haina diski?"

"Ipo nyumbani, fundi. Ina wake za watu."

Alicheka, akatoa flashi yake yenye Linux, akaijaribu mashine kwa hiyo, na feni ikabadilishwa jioni ile ile.